Foku Niliyoichagua Mimi

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni sawa kwanza. Sitawaeleza mtu huyu alizaliwa wapi, wala baba yake alikuwa nani. Wako wanaoyajua hayo na hayakumsaidia kitu. Nitawaeleza niliyoyaona kwa macho yangu, na moja nililolifanya kwa mikono yangu. Nilisoma mpaka darasa la pili, nikaongezea kidogo kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo msitafute maneno makubwa hapa.

Jina lake siliandiki. Lushoto nzima tulimwita Fundi. Mafundi walikuwepo wengi, wa cherehani, wa viatu, wa saa. Lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema yule wa baiskeli, mwenye kibanda cha mabanzi chini ya soko, karibu na kijito.

Alikuwa mtu wa salamu. Ukifika kibandani kwake bila shikamoo, hukuwa umefika. Siku moja nilikuwa nimekaa pale nangoja toroli langu lizibwe pancha, akaja ofisa mmoja na baiskeli ya kazi. Akaisukuma ikaegemea mlango, akasema, "Hii naitaka saa nane."

Fundi akaendelea kunyoosha rimu.

"Mzee, husikii?"

"Nasikia vizuri."

"Sasa?"

"Nangoja."

"Unangoja nini?"

Fundi alichukua spana nyingine. Mimi nilishika mdomo. Enzi zile mtu wa ofisini hukumjibu hivyo, ungeweza kuitwa kwenye kikao kwa kuangalia vibaya tu. Yule bwana akasimama pale, shingo imemvimba, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Nyumbani wote wazima? Mama? Watoto? Mashamba yamepata mvua?" Akamwuliza mmoja mmoja mpaka jamaa akatoa kitambaa kujifuta. Ndipo akasema, "Haya. Niambie mgonjwa wako anaumwa wapi." Saa nane baiskeli ilikuwa tayari.

Jambo lililoshangaza wageni ni kwamba Fundi hakupanda baiskeli. Hata mara moja. Mtu aliyetengeneza baiskeli zote, kutoka Soni mpaka Magamba, alikwenda kwa miguu. Hata aliposhuka bondeni, Mazinde, kwenye joto, kununua baiskeli kuukuu za wanyapara wa mkonge azikate vipuri, alizirudisha kwa lori, na akifika stendi alizisukuma. Ukimwuliza alisema, "Mimi ni wa kuzitibu, si wa kuzipanda." Hakuongeza.

Basi baiskeli aliijaribuje? Alikuwa na kiroba cha mchanga. Akimaliza kazi, alikifunga kile kiroba kwenye baiskeli, mahali pale pale mwenyewe anapoweka mzigo wake. Muuza kabichi, nyuma. Muuza maziwa, ubavuni. Halafu aliipeleka kwenye kiteremko cha kuelekea kijito, akatembea nayo akiishika usukani, akabana breki ghafla, akaangalia kiroba kinafanya nini. Akapanda tena juu. Akashuka tena. Vijana wa sokoni walikiita kile kiroba abiria wa Fundi. "Fundi, leo abiria wako kalipa nauli?" Naye anawajibu, "Huyu haanguki akaumia. Wewe je?"

Na alikuwa na vijiti. Kila baiskeli iliyopita mikononi mwake aliikatia kijiti cha mwanzi, akakitia alama za kisu. Alama moja ni urefu wa foku, ule uma wa mbele unaoshika gurudumu, kutoka ekseli mpaka shingoni, nyingine ni siti mpaka usukani. Ukutani vilining'inia vijiti mia na zaidi, kila kimoja na kitambaa chake, na hakuwahi kukosea kipi ni cha nani. Kusoma hakujua, ule ndio ulikuwa mwandiko wake. Wengine walisema ni mambo ya uganga. Mimi mwenyewe niliwahi kusema hivyo, nikacheka, naye akanitazama tu.

Swali lake lilikuwa moja. Mtu akimletea kitu kipya kutoka dukani, akakisifu, Fundi aliuliza, "Umekipanda, au umekitazama?"

Sasa msidhani namtengenezea uzuri. Alikuwa mgumu na alikuwa na maneno makali. Kwa wanawake ndiyo usiseme. Baiskeli, kwake, ilikuwa ya wanaume. Nitawaeleza alivyomfanyia binti yangu.

Binti yangu Mwanaidi alikuwa mkunga wa zahanati. Alizunguka vilimani kuzalisha wanawake waliokuwa hawawezi kufika. Akatembea hivyo miaka mitano, mabegani sanduku la bati lenye vifaa vyake. Wakaja wageni fulani kutembelea milima na baiskeli zao za gia, zile zenye tairi pana, na foku ya mbele ina miguu miwili inayobonyea na kurudi. Shokapu, watu walisema. Wageni walipoondoka waliiachia zahanati baiskeli moja, na kwa kuwa daktari alikuwa mnene, ikawa ya Mwanaidi.

Alijifunza kwenye uwanja wa shule siku za Jumapili. Siku ya kwanza alipopita nayo sokoni, kanga kaifunga kiunoni juu ya suruali, watu waliacha biashara wakageuka. Fundi akatoka kibandani, akasimama katikati ya njia.

"Shuka."

Mwanaidi akashuka. "Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Mama yako anajua?"

"Anajua."

"Basi mama yako naye kachanganyikiwa. Mtoto wa kike wa Kiislamu, juu ya chuma, miguu huku na huku. Peleka nyumbani hiyo."

Mama huyo ndiye mimi, nilikuwa nimesimama kwenye meza yangu ya karoti, nasikia. Nilitaka kumfuata na kisu. Lakini kesho yake asubuhi, kabla jua halijapanda, nani yuko mlangoni kwangu? Fundi, kwa miguu, na spana mfukoni.

"Siti yake iko juu mno," akaniambia. "Nilimwona jana. Ataumia nyonga. Na hiyo kanga itaingia kwenye cheni." Akashusha siti. Akafunga waya uliosokotwa vizuri kuzunguka cheni, kanga isiguse. Akatengeneza keria ya mbele ya kubebea sanduku, kwa sababu Mwanaidi hakutaka vifaa vya kuzalishia vikae nyuma asikoviona. Alipomaliza akakata kijiti cha mwanzi, akapima, akatia alama, akakifunga kitambaa chekundu. Akasema, "Lakini mimi bado nasema mwanamke hapandi baiskeli." Akaenda zake.

Mtu wa namna hiyo utamwitaje? Mimi nilikaa na spana yake aliyoisahau mkononi, nimeduwaa.

Baiskeli ikaenda misimu miwili. Watoto waliozaliwa salama kwa sababu yake wako, wengine ni ninyi mnaosoma. Lakini njia zetu mnazijua. Mwaka wa pili ule mguu mmoja wa foku ukaanza kutoa mafuta, halafu ukabonyea ukakataa kurudi. Mwanaidi akaipeleka kwa Fundi. Fundi akaifungua, akailaza, akasema foku hii imekufa, hainyooki, itafutwe nyingine. Zahanati haikuwa na fungu la vipuri, kwa hiyo kuitafuta ilikuwa kazi yangu.

Hapa lazima muelewe nilikuwa mtu gani miaka ile. Kwetu sisi tuliolea watoto wakati ule wa kufunga mkanda, kitu kipya kilikuwa ni hadithi. Nilisimama foleni ya sabuni tangu alfajiri nikarudi na kiberiti. Nilijifungua Mwanaidi nikamfunga kwenye kipande cha gunia la sukari lililofuliwa. Halafu soko likawa huria. Ulipita mjini Jumatatu duka tupu, ukipita Jumatatu nyingine limejaa mpaka kwenye dari. Ndoo za rangi, redio, viatu, baiskeli, vipuri vya baiskeli vimening'inia mlangoni kama ndizi. Nilishtuka, nawaambia ukweli. Nilisimama mlangoni nikaogopa kuingia, nikidhani kuna mtu atauliza kibali.

Kwenye duka moja jipya ndipo nilipoiona. Foku nyekundu, ndani ya nailoni, miguu minene kama ya pikipiki, springi zinaonekana, zinametameta. Mwenye duka akaishusha.

"Mama, hii ndiyo yenyewe. Ya kisasa. Bonyeza uone."

Nikabonyeza kwa mikono miwili, ikazama, ikanirushia mikono juu. Tukacheka wote wawili.

"Hii inabeba," akasema.

Na mimi niliamini, kwa sababu hivyo ndivyo sote huku tulivyoamini. Tuliona malori ya mbao yakipita, na lori lenye springi nyingi na ndefu ndilo lililobeba magogo mengi. Springi kazi yake kubeba, basi ndefu zaidi inabeba zaidi. Sanduku la Mwanaidi lilikuwa zito na lilikaa mbele. Nilinunua. Niliibeba kichwani mpaka kwa Fundi, nailoni haijatolewa, ili watu waone.

Fundi alikuwa ametandika gunia chini. Juu yake alikuwa ameweka foku mbili. Moja ngumu, isiyobonyea, ya baiskeli ya zamani ya Mazinde. Nyingine ya shokapu, ya mtumba, imechubuka rangi mpaka chuma kinaonekana, aliipata kwenye baiskeli iliyoletwa kwenye shehena ya vitu vya nje. Mimi nikaiweka ile nyekundu katikati.

"Hongea, Mama Mwanaidi, umehangaika," akasema, akinishukuru kwa Kishambaa chetu. "Tuone."

Akazichukua moja moja. Aliibingirisha kila foku juu ya ubao uliolala sawa, aone kama imepinda. Akaifuta miguu yake kwa kitambaa cheupe, akakitazama kitambaa kama kina mafuta. Akaisimamisha chini akailalia kwa kifua, aangalie kama miguu yote miwili inazama pamoja na kurudi pamoja. Mwisho akashusha kile kijiti chenye kitambaa chekundu. Ile ngumu ilikuwa fupi, akaiweka pembeni. Ile ya mtumba ilipungua upana wa ukucha. Ile yangu ilizidi alama kwa vidole vinne.

"Hii ya kuchubuka," akasema.

"Hiyo?"

"Hiyo. Ndani ina mafuta, inarudi polepole. Na kimo chake ni karibu kile kile."

"Na yangu ina nini?"

"Yako ndefu. Baiskeli itainua pua. Kisha ndani ni springi tupu, hakuna kinachoizuia. Atakuwa anateremka, sanduku liko mbele, atabana breki, yote itazama mara moja. Pua iliyoinuka itakwenda chini, na yeye atapita juu ya usukani."

"Lori nalo lina springi, mbona halipinduki?"

"Lori lina magurudumu mangapi, Mama Mwanaidi?"

Watu waliokuwepo wakacheka. Hicho kicheko ndicho kilichoniharibu. Nikamwambia, "Fundi, mimi nimevaa viraka ujana wangu wote. Mwanangu nilimfunga gunia. Leo dunia imefunguka, vitu vipya viko, unanipa makombo ya watu wa nje?"

"Umeipanda, au umeitazama?"

"Unaona wivu kwa sababu haikutoka kwako."

Fundi akafuta mikono taratibu, kidole kwa kidole. "Nimfungie hii ya kuchubuka, nimpakie abiria wangu, niiteremshe mara tatu. Kesho mchana aichukue. Hiyo nyekundu mimi sifungi."

Nilichukua baiskeli ya Mwanaidi, gurudumu la mbele begani, foku yangu kichwani, nikaondoka bila kuaga. Ilikuwa siku ya gulio, na siku za gulio walikuja mafundi wa kupitapita kutoka bondeni, wanakaa kando ya barabara na boksi la spana, jioni wanashuka na lori. Nilimpa mmoja wao. Akaifunga kwa muda wa kunywa chai, akaongeza washa, kile kipete cha chuma, shingoni, akapiga nyundo mara mbili, akasema tayari. Mchanga hakuwa nao na mimi sikuuliza. Nikaisukuma mpaka nyumbani. Mbele ilisimama juu, ina fahari kama jogoo.

Mwanaidi aliporudi kazini akaizunguka mara mbili. "Mama, ni nzuri mno hii. Fundi kakubali?"

"Fundi ndiye kaifunga," nikasema. "Kaimaliza leo."

Neno hilo lilitoka mdomoni kwangu bila hata kujikwaa.

Siku ya nne yake, asubuhi, umande bado uko barabarani, aliitwa kwa mwanamke upande wa Kifungilo. Mteremko ule mnaujua, na kona yake. Waliokuwa wanachuma mboga juu ya barabara walisema ng'ombe alitokeza, Mwanaidi akabana breki, baiskeli ikainama kama mtu anayesujudu, sanduku likatangulia, na yeye akafuata juu ya sanduku. Vilevile alivyosema Fundi, neno kwa neno. Nilipoelezwa nilikuwa nimeshika pishi ya maharage, na sikumwaga hata moja. Nilibaki nimesimama nayo vile vile, watu wanasema mama ameshtuka mpaka amekauka. Hawakujua nimeshtushwa na nini.

Yule mwanamke wa Kifungilo alizalishwa na bibi yake, salama. Mwanaidi alivunjika mkono wa kulia, mahali pawili, kwenye kiwiko. Walimfunga hospitali, wakamfungua, wakamfunga tena. Haukunyooka. Mkunga asiyeweza kuunyoosha mkono wa kulia, hesabuni wenyewe.

Watu wakasema Fundi. Wangesema nani? Baiskeli ile ilijulikana ni ya mikono yake. Waliokuwepo siku ile ya foku tatu walikumbuka kwamba foku nyekundu ilikuwa pale kwake, ugomvi wetu walidhani uliisha kwa yeye kukubali. Ikasemwa Fundi alimwonea Mwanaidi kwa sababu ni mwanamke. Ikasemwa ni uganga wa vijiti vyake. Mwenyekiti wa kijiji akaenda kibandani na watu nyuma yake, na mimi nilikuwa napita na chupa ya uji wa mgonjwa. Nikasimama.

"Fundi, baiskeli ya mkunga nani anaitengeneza?"

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu ifike."

"Na foku ile iliyomwangusha?"

Fundi akainua uso, akanitazama moja kwa moja kati ya watu wote. Nikamwona anaiona chupa ya uji mkononi mwangu. Mimi nikainamisha macho, nikakaza kifuniko cha chupa kilichokuwa kimekazwa tayari. Nikasubiri jina langu.

"Baiskeli ile ni yangu kuitazama," akasema. "Mniulize mimi."

Basi wakamwuliza, na walivyouliza ninyi mnajua watu wanavyouliza. Mmoja alivunja vijiti kadhaa. Mwingine, aliyezibiwa tairi bila malipo mara ngapi, alitupa kiroba cha mchanga kijitoni. Mimi nilipeleka uji, nikamlisha mwanangu kijiko kwa kijiko, akaniuliza, "Mama, Fundi alifanyaje vile? Fundi?" Nikamwambia, "Fungua mdomo."

Baada ya hapo hakuna aliyempelekea baiskeli. Walikuja mafundi vijana na vipuri vya kung'aa. Yeye akawa mziba sufuria na mnyoosha majembe. Alikaa pale pale. Alidai shikamoo vile vile, lakini wachache walipita wa kuitoa. Mimi nilizunguka kwa juu, njia ya msikitini, nisipite mbele yake. Nilizunguka hivyo miaka saba. Sufuria ikivuja nilimtuma mtu.

Mwaka ule wa saba, sufuria kubwa ya shughuli ilitoboka na nyumbani hakukuwa na wa kumtuma. Ilikuwa saa nne za asubuhi, jua zuri. Niliteremka nayo mwenyewe. Kibanda kilikuwa kimeinama upande. Fundi alikaa mlangoni, macho yameingia ukungu, anapapasa kitako cha sufuria ya mtu kwa kidole gumba akitafuta tundu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mama Mwanaidi." Hakuinua uso. "Umechelewa."

"Imeanza kuvuja jana tu."

"Sisemi sufuria."

Nikakaa kwenye boksi. Mimi niliyekuwa nasema watu sokoni mpaka wanabadili meza, nilikaa nimeshika sufuria mapajani kama mwali.

"Mkono wa binti unaendeleaje?" akauliza.

"Unaandika. Anaandika kadi za kliniki. Kuzalisha hapana."

"Na kula?"

"Anakula kwa kushoto, tukiwa wenyewe nyumbani. Tukiwa na wageni namkatia tonge, namsogezea."

Akatikisa kichwa, akaendelea kupapasa. Nikaona ukutani, kati ya vijiti vichache vilivyobaki, kimoja kina kitambaa kilichokuwa chekundu, sasa rangi ya udongo.

"Fundi," nikasema, "kwa nini hukusema?"

"Kusema nini?"

"Unajua."

Akaweka sufuria chini. "Siku ile ulikuwa umebeba uji. Binti amelala, mkono umefungwa, mwingine wa kumlisha hana, wadogo zake bado hawajaoa, baba yake marehemu. Ningesema ni mama yake, yeye angesikia siku ile ile. Angekula kwa mkono wa nani?"

Vijana, mimi nimezika mume. Nimezika watoto wawili. Nimeona mlima ukimeguka na nyumba zikaenda nao. Sijawahi kushtuka kama nilivyoshtuka kwenye boksi lile. Kwa miaka saba nilikuwa nimejipa sababu zote. Kwamba ananiogopa. Kwamba amesahau. Kwamba pengine yeye mwenyewe anajiona ana kosa. Hii sikuwa nimeifikiria hata mara moja, kwa sababu mimi nisingeifanya.

"Nilidhani akipona utasema," akaongeza, si kwa ukali. "Nikangoja kidogo. Kisha nikaona unapita juu kule msikitini."

"Uliniona?"

"Nilikuwa bado naona wakati ule." Akanyoosha mkono. "Nipe kile kijiti chake. Chenye kitambaa."

Nikakishusha, nikampa. Akatembeza kidole gumba mpaka kwenye alama ya foku, akasimama hapo.

"Hiki ndicho kimo chake," akasema. "Ile ya kuchubuka ipo bado, nyuma ya pipa. Hakuna aliyeitaka. Baiskeli mliitupa?"

"Iko darini."

"Ina kutu?"

"Sijui. Sijaitazama."

"Itazame." Kisha akachukua sufuria yangu, akaipapasa. "Tundu dogo hili. Njoo kesho."

Nilipanda kwenda nyumbani kwa njia ya mbele, katikati ya soko. Nilikuta nyumba yangu yote imekusanyika kwa chakula cha mchana, Mwanaidi na wadogo zake na wake zao. Nikasema acheni kula. Nikawaeleza kama nilivyoeleza hapa, foku, duka, fundi wa kupitapita, chupa ya uji. Mwanaidi aliweka kijiko chini kwa mkono wa kushoto.

"Nilimwuliza Mungu kwa nini Fundi alinichukia," akasema. "Miaka saba, mama. Nikikutana naye nilikuwa sijibu hata salamu."

"Najua."

"Ulikuwa unanilisha."

"Ndiyo."

Akaondoka mezani, akatoka nje, akasimama uani ametugeuzia mgongo. Mkwe wangu mmoja akataka kumfuata, nikamzuia. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi hakukaa karibu nami, alikaa karibu na mlango, lakini alikaa. Ndipo nilipotoa amri, na sikuirudia:

"Kesho hakuna shamba, hakuna gulio. Baiskeli ishushwe darini leo, ifutwe. Asubuhi tunatoka nyumba nzima, kwa miguu, baiskeli isukumwe, asiipande mtu. Hatuzunguki msikitini, tunapita sokoni, katikati. Mimi natangulia. Kila atakayeuliza tunakwenda wapi ajibiwe kwa sauti asikie na wa meza ya pili: tunakwenda kwa Fundi, foku ile aliichagua mama. Mkifika, shikamoo, mmoja mmoja, na asianze mtu kusema shida yake mpaka Fundi amalize kumwuliza habari za nyumbani. Na kabla ya yote hayo, wawili wenye mgongo mzuri waamke mapema wateremke kijitoni, wajaze kiroba mchanga."